Kitamu cha Nyumbani Kifike Salama: Kutoka Gendabi hadi Dar es Salaam

Msomaji mpenzi, chukua ramani ya Tanzania uitafute Manyara. Kusini-magharibi ya mji wa Babati utauona Mlima Hanang, ambao urefu wake wapita mita 3,400. Chini yake upo mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, na katika wilaya hiyo ndimo ilimo Gendabi. Nchi hii ni ya ngano, mahindi na ng'ombe. Upande wa kaskazini wa mlima, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, liko Ziwa Balangida. Maji yake ni ya chumvi, na kiangazi yakipungua ardhi hubaki nyeupe. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya huku si ya mchezo, na asubuhi watu hujifunika mablanketi mpaka jua lipande.

Wengi wamelisikia jina la Gendabi kwa habari ya huzuni. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliteremka kutoka mlimani vikaipiga Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tangu siku hiyo mtu wa huku akimwambia ndugu yake aliye mbali, "Nakuja kukuona," neno hilo lina uzito. Na mtu hamwendei ndugu yake mikono mitupu. Mama huangalia alicho nacho nyumbani: maziwa, unga wa ngano, karanga, asali. Atapika kitu kitamu, atakifunga vizuri, na kukitia katika kikapu.

Basi leo nataka tusafiri pamoja na kikapu hicho kutoka Gendabi mpaka Dar es Salaam. Ni safari ya karibu kilomita 800, kutwa nzima na pengine sehemu ya usiku. Kikapu huondoka penye baridi na kufika penye joto. Ndani yake imo kazi ya mama na gharama ya sukari, lakini pia imo afya ya watoto watakaokula. Keki yenye krimu au kastadi ya maziwa iliyoshinda katika joto yaweza kumtapisha mtoto na kumharisha usiku kucha. Hapo zawadi hugeuka kuwa msiba. Yafaa basi tujue jinsi ya kuilinda.

KABLA YA SAFARI: CHAGUA

Jambo la kwanza halihitaji barafu wala fedha. Ni kuchagua. Vitamu vya nyumbani tuvigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vile visivyohitaji baridi hata kidogo: kashata za karanga, visheti, biskuti kavu za ngano, halua, na asali. Sukari nyingi na ukavu huvinyima vijidudu maji ya kuishi, na kwa hiyo haviharibiki upesi. Vitu hivi vitafika Dar es Salaam salama hata ukivisahau chini ya kiti. Ila asali asipewe mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja, maana huweza kuwamo vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo.

Fungu la pili ni vile vinavyopenda ubaridi lakini havifi mara moja vikiukosa: maziwa mgando, keki ya siagi isiyopakwa kitu juu, matunda yaliyopikwa kwa sukari. Wafugaji wa nchi yetu waligundua zamani kwamba maziwa yaliyoganda hukaa kuliko maziwa mabichi. Ule uchachu ndio mlinzi wake. Kama wataka kuyatia asali, usiyatie nyumbani. Beba asali mbali na maziwa mbali, ukavichanganye huko uendako.

Fungu la tatu ni vile visivyokubali mzaha: kastadi, keki yenye krimu, pudini ya maziwa na mayai, aiskrimu, na barafu za maziwa. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kwamba chakula kiharibikacho upesi kiwekwe katika ubaridi usiozidi digrii 5. Katikati ya digrii 5 na digrii 60 ndipo vijidudu huzaana kwa furaha. Basi kama huna njia ya kukibakiza kitu cha fungu la tatu chini ya digrii 5 kwa kutwa nzima, kile hukohuko nyumbani pamoja na watoto, ubebe kashata. Hiyo si aibu, ni busara.

USIKU WA KUAMKIA SAFARI

Tuseme umeazimia kubeba pudini ya maziwa. Kitu cha kwanza ni kukumbuka kwamba deli halitengenezi baridi. Deli, lile sanduku la wauza barafu, hulinda tu baridi uliyoitia ndani. Ukitia kitu cha vuguvugu, barafu yako itatumika kukipoza hicho, na kabla hujafika mbali imekwisha. Kwa hiyo pudini na ipikwe jana yake, ipoe, ikae katika friji usiku mzima. Deli lenyewe nalo lifunguliwe, liachwe wazi katika baridi ya usiku, mahali safi pasipofikiwa na paka. Alfajiri likifungwa, baridi ya Hanang imo ndani, na hujailipia hata senti.

Kisha barafu. Gandisha maji katika chupa za lita moja na nusu, usizijaze hadi juu, maana maji yakiganda hutanuka. Bonge kubwa la barafu huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, kwa sababu joto halina pa kulishika pengi. Tena maji ya barafu yakiwa ndani ya chupa hayalowanishi chakula, na mkifika katikati ya safari mwaweza kuyanywa. Nusu ya nafasi ya deli na iwe barafu. Mama mmoja atasema, "Nusu nzima? Pudini yangu nitaiweka wapi?" Na tumjibu, "Afadhali pudini ndogo iliyo nzima kuliko kubwa ya kutupwa."

Barafu na ipangwe chini na juu ya chakula, maana hewa baridi hushuka. Nafasi iliyobaki ijazwe kitambaa safi au karatasi. Halafu funika deli lote kwa blanketi. Hapa wengi hushangaa: je, blanketi si litaitia barafu joto? La. Blanketi halina joto lake lenyewe. Ukijifunika wewe, huzuia joto lako lisitoke. Ukilifunika deli, huzuia joto la nje lisiingie. Ni mlinzi wa mlango ambaye hajali anayegonga yuko upande gani.

Kama huna deli, chukua ndoo mbili zenye vifuniko, ndogo ndani ya kubwa, na ujaze kati yake unga wa mbao uliokauka, au pumba za mpunga. Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 1833 Mmarekani Frederic Tudor alipakia barafu melini huko Boston, karibu tani 180, akaipeleka Calcutta katika India. Safari ilichukua miezi minne na kupita katika joto la ikweta mara mbili, na barafu ilikuwa imefungwa vizuri isifikiwe na joto. Ilipofika, kama tani 100 zilikuwa bado ni barafu. Ikiwa barafu iliweza miezi minne baharini, yako itaweza kutwa moja barabarani, mradi iwe nyingi na ifungwe sawasawa.

Tukizungumzia aiskrimu ya nyumbani, tusimsahau Mtanzania mmoja. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakichemsha maziwa, wakitia sukari, na kuyagandisha yawe aiskrimu. Siku moja, kwa kuona nafasi katika friji inakwisha, aliyaweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa baridi. Aliuliza darasani akachekwa. Lakini hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandika jambo hilo katika jarida la fizikia. Wataalamu hadi leo wanabishana juu yake, na jina la Mpemba lajulikana duniani kote. Sisi wenye friji ndogo tusiige kuweka chungu cha moto humo, maana kitawatia joto jirani zake. Ila tuige moyo wa kuuliza.

Na chumvi, ile ambayo huku tunaishi karibu na ziwa lake, ina kazi yake. Ukiichanganya na barafu iliyopondwa, fungu moja la chumvi kwa mafungu matatu ya barafu, baridi huzidi na kushuka chini ya sifuri, hata kuweza kufika digrii 21 chini yake. Kabla ya umeme watu waligandisha aiskrimu kwa njia hii. Lakini angalia: chumvi huiyeyusha barafu upesi. Itumie kwa kitu unachotaka kibaki kimeganda kwa muda mfupi, na usiruhusu maji hayo ya chumvi yaingie katika chakula. Kwa pudini barafu tupu yatosha.

KATESH MPAKA BABATI: WAKATI WA ASUBUHI

Sasa tupande basi. Alfajiri hii hewa ya nje ni baridi, na kazi yako ni moja tu, usifungue deli. Kila ufunguapo kifuniko, baridi humwagika na joto huingia. Chakula cha njiani cha watoto kiwe katika mfuko mwingine ili pasiwe na sababu ya kulifungua.

Deli tuliweke wapi? Si juu ya paa, maana jua litalichoma. Si katika buti karibu na injini, na mabasi mengi makubwa injini yake iko nyuma. Mwombe kondakta kwa heshima ulikae nalo chini ya kiti, upande ambao jua halipigi. Asubuhi tukielekea Babati jua hutoka mbele yetu. Baada ya Babati twageuka kusini, na asubuhi jua litakuwa mkono wa kushoto, alasiri mkono wa kulia. Ukilijua hilo, utajua ukae wapi.

Barabara hii ya lami ni neema. Zamani safari ya vumbi na matope ilikula saa nyingi, na kila saa ni barafu inayoyeyuka. Twapita Dareda, huku ukuta wa Bonde la Ufa ukisimama kando yetu, na punde tunaliona Ziwa Babati.

BABATI MPAKA DODOMA: NCHI KAVU

Kutoka Babati hadi Dodoma ni kilomita 251, na lami yake ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Ni sehemu ya ile njia kuu ya kale itokayo Cape Town kwenda Cairo. Tukikaribia Kondoa twapita Kolo, penye michoro ya kale ya mapangoni, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika Urithi wa Dunia. Watu waliochora pale walikuwa na maji, kivuli na upepo tu.

Na hivyo vitatu ndivyo vitakavyolisaidia fungu letu la pili. Tazama mtungi wa maji nyumbani. Jua likiwa kali namna gani, maji ya mtungi ni baridi. Kwa nini? Kwa sababu maji hupenya udongo kidogo kidogo, na yakifika nje hukauka, na maji yanapokauka huondoka na joto. Kilo moja ya maji ikikauka huchukua joto karibu mara saba ya lile linaloyeyusha kilo moja ya barafu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliitumia kanuni hiyohiyo akatia chungu ndani ya chungu, na kati yake mchanga uliolowa, ili mboga za wakulima zisioze. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo.

Chungu na mchanga ni vizito kwa basi. Lakini chupa ya maziwa mgando yaweza kuvikwa kitambaa cha pamba kilicholowa, ikawekwa katika beseni dogo ili isimlowanishe jirani, penye kivuli na upepo. Kitambaa kikikauka, kilowanishe tena. Kiangazi, kati ya Mei na Novemba, hewa ya Kondoa, Chemba na Dodoma ni kavu, na kitambaa chaweza kupunguza digrii 8 au 10 hivi chini ya joto la nje. Hilo lamtosha maziwa mgando na siagi. Halimtoshi pudini! Ikiwa nje ni digrii 30, kitambaa kitakupa digrii 20, nasi tulisema pudini yataka 5. Watu wengi hukosea hapa, huona kitu ni baridi mkononi wakadhani ni salama.

DODOMA MPAKA BAHARINI: HEWA YABADILIKA

Tukifika Dodoma tuko juu ya bahari kwa mita 1,100 hivi. Hapa ni mahali pazuri pa kukagua. Fungua deli mara moja, upesi, kivulini. Kama barafu bado ni nyingi, funga uendelee. Kama imebaki kidogo, nunua nyingine mjini kabla ya kuondoka, au wagawie watoto pudini hapohapo ingali baridi. Usingoje matumaini ya mbele.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu kutoka Dodoma barabara hushuka. Twapita Kibaigwa, Gairo na Dumila, na tukifika Morogoro tumeshuka hadi mita 500 hivi tu. Kwa kawaida kila ukishuka mita 1,000 joto huongezeka digrii 6 na zaidi. Lakini joto si adui peke yake. Kutoka Morogoro kwenda Chalinze na kuendelea, hewa ya bahari yaanza kutulaki, hewa nzito yenye maji. Hewa iliyokwisha kushiba maji haina kiu ya kuyanywa yale ya kitambaa chako. Utakilowanisha mara kumi nacho kitabaki kimelowa, kisipoze kitu. Ndiyo sababu nguo zilizofuliwa Hanang wakati wa kiangazi hukauka upesi, na za Dar es Salaam huchelewa hata kama jua ni kali.

Kanuni ya njia hii basi ni fupi: kitambaa kilicholowa kitakusindikiza mpaka Dodoma tu. Baada ya hapo, ni barafu au ni kashata.

KITUONI MBEZI

Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani hufikia katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Usidhani safari imekwisha. Kutoka hapo hadi Mbagala au Kigamboni waweza kukaa muda mrefu katika daladala na foleni, na joto la jiji halijui kwamba umechoka. Barafu yako ipimwe kwa safari mpaka mlangoni, wala si mpaka kituoni.

Ukifika kwa ndugu, fungua deli utazame. Kama barafu ingalipo na chombo cha pudini ni baridi kweli, mle kwa furaha, au itieni katika friji. Kama barafu imekwisha na chombo kina vuguvugu, wala hujui tangu lini, kitupe. Usikionje kwanza, maana ladha na harufu havimfunui kila kijidudu. Wala usiseme, "Nitakichemsha tena," maana vijidudu vingine huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Ni uchungu kutupa kazi ya mama. Lakini mama huyo hakupika ili wajukuu wake walazwe hospitali.

Haya ndiyo niliyotaka uyajue, msomaji mpenzi. Mtu wa Gendabi ana utajiri ambao mtu wa pwani hana, nao ni usiku wa baridi na hewa kavu. Aanze safari na vitu hivyo, ajue mahali vinapokwisha, na mbele ya hapo asivitegemee. Mwenye barafu ya kutosha na abebe pudini. Asiye nayo na abebe kashata na chupa ya asali, na asione haya hata kidogo. Ndugu yake akiionja asali ya Hanang atajua ni nani aliyemkumbuka.

Safari njema.